Anayetangaza matembezi ya ufukweni atangaze na saa ya maji kupwa

Ndugu Mhariri,

Vikundi vya kutembea na kukimbia vimeongezeka sana Dar es Salaam, na ni jambo la kupongezwa, maana mji wetu ni tambarare na anayetaka kunyoosha miguu hana haja ya kutafuta mlima. Ila matangazo ya vikundi hivyo karibu yote yanafanana: mahali pa kukutana, idadi ya kilomita, bei ya fulana. Njia ikipita ufukweni, jambo kubwa kuliko hayo yote ni saa ya maji kupwa, yaani kushuka na kuacha mchanga wazi, na hilo halitajwi. Kipande kilekile cha ufukwe wa Mbezi Beach kuelekea Kunduchi anakipita hata mtoto wa darasa la tatu maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, mtu mzima anabaki ameegemea ukuta wa nyumba ya watu huku mawimbi yakimpiga magotini.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Dar hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita moja. Jambo la manufaa kwa mpangaji wa safari ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki sana mwaka mzima: maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kwa hiyo Jumamosi iliyoangukia bamvua ndiyo ya kuchagua kwa matembezi ya asubuhi. Ukianza saa moja, maji yameshateremka nusu na yanaendelea kuondoka, mchanga ulioachwa ni mgumu, na ikifika saa nne umemaliza kabla jua halijawa kali. Jumamosi ya maji mafu mambo hugeuka. Kupwa huwa kwenye saa kumi alasiri, basi panga kutoka saa nane hadi saa kumi na moja. Saa kamili ya kila siku isomwe kwenye jedwali la Mamlaka ya Bandari, au aulizwe mvuvi yeyote wa Msasani au Kunduchi, ambaye anazijua kwa tarehe za mwezi.

Wengi huponzwa na dhana kwamba maji hupanda kwa mwendo mmoja. Sivyo. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huleta sehemu 1 kati ya 12 ya kimo chote, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Chukua bamvua la mita 3.6: saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 30 tu, na kikundi kinaona bado kuna nafasi ya kupiga picha. Saa ya tatu yanapanda sentimita 90. Kwenye ufukwe unaoshuka mita moja kwa kila mita 50, hizo sentimita 90 ni mita 45 za mchanga zinazopotea ndani ya saa moja. Kanuni ninayoisisitiza kwa kila anayeongoza watu ni hii: geuzeni wakati maji yanapwa au yamesimama, na saa moja baada ya kupwa kila mtu awe kwenye kipande chenye njia ya kutokea barabarani.

Njia ya kutokea ndiyo adimu. Kuanzia Kawe kwenda kaskazini, kuta za nyumba na hoteli zimefika hadi pale maji yanapokomea, na hapa na pale kuna kuta za mawe zilizoingizwa baharini kuzuia mmomonyoko. Ufukwe wa Kunduchi umeliwa kwa miaka mingi, na mojawapo ya sababu ni uchimbaji wa mchanga kwenye mito kama Mbezi na Tegeta, kwa kuwa mchanga uliokuwa ukiteremka kuja kujaza ufukwe unaishia kwenye malori. Palipo na ukuta, wimbi hugonga na kurudi na mchanga, chini panabaki shimo ambalo halionekani maji yakijaa. Kabla ya kupeleka watu, kiongozi aipite njia yote wakati wa kupwa na kuandika kila kichochoro kinachotoka barabarani. Ikiwa kati ya kichochoro na kichochoro ni zaidi ya dakika 20 za mwendo, kipande hicho hakifai kwa wazee na watoto ila wakati wa kupwa tu.

Midomo ya mito inataka hadhari yake. Vukeni wakati wa kupwa, maji yakiwa chini ya goti, na mburute nyayo badala ya kuzinyanyua, kwa sababu samaki aitwaye taa hujifukia mchangani na humchoma anayemkanyaga lakini hukimbia akisikia mtikisiko. Baada ya mvua kubwa msivuke kabisa. Maji ya mito yetu hupita katikati ya makazi na hubeba kila kitu, na mwenye kidonda mguuni hana sababu ya kuyaingia hata siku za kiangazi.

Kuhusu mchanga: uliolowa na kushikamana unatembeka kama barabara, kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Mkavu wa juu hula nguvu maradufu na zaidi, hivyo kilomita 5 za tangazo huwa kilomita 10 za mapaja. Ufukwe pia umelala upande, mguu mmoja juu na mmoja chini, na ndiyo maana watu hulalamika nyonga na goti la upande mmoja siku ya pili. Kwenda na kurudi kwa njia ileile kunasawazisha. Wakati wa kusi, anzeni kuelekea kusini mkiukabili upepo mngali na nguvu, ili kurudi uwasukume. Kandambili ziachwe nyumbani. Zinakatika kamba kwenye miamba, na mkato wa tumbawe huchelewa kupona. Raba kuukuu zenye soli nene zinatosha, hata zikilowa.

Joto ndilo linalowaangusha wengi kuliko umbali. Hewa ya Pwani imejaa unyevu, jasho halikauki, kwa hiyo mwili haupoi hata kama upepo unavuma. Hesabu nusu lita ya maji kwa kila mtu kwa kila saa, na Januari na Februari ongeza robo lita. Kiongozi abebe pakiti mbili za chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini (ORS) zinazouzwa duka la dawa, na akumbuke kwamba pakiti moja ni ya lita moja kamili ya maji safi, si ya chupa ndogo ya nusu lita. Anayelalamika kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu aketishwe kivulini na kulowanishwa mara moja. Akianza kuchanganyikiwa maneno, hiyo ni safari ya hospitali, si ya kumsubiri apate nafuu.

Siku ambayo maji hayaruhusu, zipo njia nyingine. Kutoka Kivukoni kufuata barabara ya baharini, kuvuka Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022 na lenye urefu wa kilomita 1.03 pamoja na njia ya waenda kwa miguu, hadi Coco Beach ni kama saa moja na nusu ya mwendo wa taratibu. Maeneo ya Ikulu simu zibaki mfukoni, na darajani hakuna kivuli hata kidogo. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi upande wa Kisarawe una vivuli na vilima vidogo, na kiingilio hulipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Hofu yake ni udongo: ule mweupe wa kaolini ukinyeshewa huteleza kupita kiasi, basi masika muuache. Msitu wa Vikindu, upande wa Mkuranga, ni tambarare zaidi na humfaa anayeanza.

Kwa halmashauri zetu za Kinondoni na Kigamboni nina ombi moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Njia ya matembezi ambayo wengi wanaiomba tayari imo ndani ya mita hizo. Kinachohitajika ni vichochoro vilivyozibwa vifunguliwe, na kila kimoja kiwekwe kibao kinachosema ni umbali gani hadi kichochoro kinachofuata, kusini na kaskazini.

Nawe Mhariri, nakuomba nafasi ndogo katika toleo la Ijumaa. Mistari minne inatosha: saa za kupwa na kujaa za Jumamosi na Jumapili, pamoja na kimo kwa mita, palepale mnapoweka hali ya hewa.

Msomaji wako,
Mbezi Beach, Dar es Salaam