Kacey Musgraves hakuihama kantri

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika kurasa za burudani, ambayo ilimtaja mwanamuziki wa Marekani Kacey Musgraves kuwa mfano wa msanii aliyeupa kisogo muziki wa kantri mara tu alipopata umaarufu, akakimbilia pop. Mwandishi ana haki ya kutozipenda albamu zake za karibuni. Hata hivyo, kwa sisi tuliofuatilia kazi ya mwanamke huyu kwa makini, madai hayo yanapindua mambo: aliyefungiwa mlango ndiye anayelaumiwa kwa kuondoka.

Musgraves alizaliwa mwaka 1988 akalelewa Golden, kijiji cha mashariki mwa Texas kinachojulikana kwa tamasha lake la viazi vitamu. Alianza kutunga nyimbo akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, na mwaka 2007 alishiriki shindano la televisheni la Nashville Star, akamaliza wa saba. Mwaka uliofuata alihamia Nashville, jiji lililo kitovu cha muziki wa kantri. Jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa ni kazi aliyoifanya huko kabla jina lake halijajulikana, yaani kuketi na watunzi wenzake na kuandika nyimbo ambazo huenda zingeimbwa na mtu mwingine. “Mama's Broken Heart”, uliovuma mwaka 2013 kwa sauti ya mwimbaji wa kantri Miranda Lambert, ni wimbo alioutunga pamoja na Brandy Clark na Shane McAnally. Ikumbukwe kwamba redio za kawaida za Marekani huwalipa mtunzi na mwenye haki za utunzi kila wimbo unapopigwa, lakini hazimlipi mwimbaji kwa rekodi yake, kwa hiyo kalamu pale Nashville ndiyo shamba lenyewe wala si bustani ya pembeni.

Alipoanza kuimba mwenyewe, redio ilimpokea kwa muda mfupi tu. “Merry Go 'Round” wa mwaka 2012, unaosimulia maisha ya mji mdogo ambako watu huoana mapema, huenda kanisani kwa mazoea na kuficha aibu zao nyuma ya pazia, ulipanda hadi nafasi ya 10 katika chati ya redio za kantri, na mwanzoni mwa 2014 ukashinda Grammy, tuzo kuu ya muziki Marekani, ya wimbo bora wa kantri, huku albamu yake Same Trailer Different Park ikitwaa ile ya albamu bora ya kantri. Tangu hapo, hakuna wimbo alioutoa peke yake uliofika tena kumi bora za redio hizo. “Follow Your Arrow”, uliomwambia msikilizaji ampende amtakaye, awe mwanamume au mwanamke, na kutaja bangi bila kuikemea, uliwatia wasiwasi wenye vituo na haukupigwa sana. Msomaji anaweza kuukataa ujumbe huo, na najua wengi hapa Kenya wataukataa, lakini Novemba 2014 wanachama wa CMA, chama kikuu cha muziki wa kantri, waliupa tuzo ya wimbo bora wa mwaka. Watu wa fani waliutambua kuwa ni wao, redio ikaupuuza.

Wala hili halikumpata yeye peke yake. Mwaka 2015 mshauri wa redio Keith Hill alisema waziwazi kwamba kituo kinachotaka wasikilizaji kisipige sana nyimbo za wanawake, akawafananisha na nyanya chache zinazotupiwa juu ya saladi. Kauli hiyo ilizua ghadhabu, ingawa kwa maoni yangu kosa la bwana yule lilikuwa kutamka hadharani utaratibu uliokuwa ukifuatwa kimyakimya.

Katika mazingira hayo ndipo ilipotoka Golden Hour mwaka 2018. Ni kweli ina sauti za kielektroniki na kwa mbali hata mapigo ya disko. Vilevile ina banjo na gitaa la chuma, ala za jadi za kantri. Februari 2019 ilimletea Grammy nne kwa usiku mmoja, mojawapo ikiwa ile kuu ya albamu ya mwaka, tena bila msaada mkubwa wa redio. Kisha mwaka 2021 ikaja star-crossed, aliyoitunga baada ya ndoa yake kuvunjika, na waandaaji wa Grammy wakaamua kwamba haistahili kushindania tuzo ya albamu ya kantri. Ajabu ni kwamba wimbo “camera roll”, uliomo ndani ya albamu hiyohiyo, uliteuliwa katika vipengele viwili vya kantri. Kampuni yake ya kurekodi ililalamika bila mafanikio. Sasa, Mhariri, ni nani hapo aliyemhama mwenzake?

Wakenya tuliokua tukimsikiliza Dolly Parton redioni tungepaswa kuwa wa mwisho kutoa hukumu ya namna hii. Yeye naye alifika Nashville mwaka 1964 akiwa mtunzi, na “Here You Come Again” ulipomwingiza katika chati za pop mwaka 1977 alishutumiwa kwa maneno yaleyale. Leo hakuna anayethubutu kumwambia kuwa si wa kantri.

Ushahidi wangu wa mwisho uko katika orodha ya watunzi. Februari 2025 Musgraves alishinda tena Grammy ya wimbo bora wa kantri kwa “The Architect”, uliomo katika albamu Deeper Well ya mwaka 2024. Aliutunga pamoja na Shane McAnally na Josh Osborne. Watatu hao hao ndio waliotunga “Merry Go 'Round”. Makala yenu ilitaja mavazi yake, talaka yake na mtindo wa video zake, lakini haikumtaja hata mmoja wa wenzake hao, na sidhani mwandishi angefikia hitimisho alilolifikia kama angewatazama. Ningeomba basi kurasa za burudani zianze kuandika majina ya watunzi kando ya majina ya nyimbo, za Marekani na za hapa nyumbani pia.

Wako mwaminifu,
Mpenzi wa kantri, Nakuru