Jina la tovuti, na nani alishike

Hamisi ndugu yangu,

Habari za masiku? Za kazi, za nyumbani? Sisi wazima, ila tumenuniana, na ndicho kilichonifanya nikuandikie baada ya kimya kirefu hivi (kimya chako pia, usijifanye).

Popo, kundi letu la gemu, wanataka tovuti tena. Ratiba za mechi, matokeo, sheria za kundi, vyote vikae pahali pamoja. Hapo hakuna mgogoro. Mgogoro ni jina. "Popo" tupu kwa .com lilishachukuliwa, wala sishangai, maana majina ya .com yalianza kusajiliwa 1985 na yale mafupi yalikwisha zamani. Salma akaja na popo-wa-usiku-wa-manane. Kanuni zinamruhusu: herufi, tarakimu na kistari, mradi kistari kisikae mwanzoni wala mwishoni, na nafasi ni herufi 63. Nikamwambia alitaje kwenye maikrofoni mechi ikiwa imepamba moto. "Popo kistari wa kistari usiku kistari..." Kabla hajafika kwenye manane, yule mgeni aliyekuwa akiandika alishauawa na bado anauliza kistari ni kile cha chini au cha katikati. Juma naye anataka popo2. Mbili ya tarakimu au ya maandishi? Kimya.

Juma huyo huyo alitaka tutangulize jina la gemu lenyewe. Hilo nimelikataa kabisa. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa unaomwezesha mwenye alama ya biashara kudai jina kama hilo, na sisi hatuna wakili. Unamkumbuka yule kijana wa Kanada, Mike Rowe? Alisajili MikeRoweSoft, jina lake mwenyewe na neno moja tu (ukilitamka ni kama Microsoft), na 2004 Microsoft wakamwandama mpaka akaliachia.

Mimi nasema popowausiku, neno moja, basi. Mwisho wake uwe .com au .gg, sijali sana. Vijana wanapenda .gg kwa sababu "gg" (good game, mchezo mzuri) ndicho wanachoandikiana mechi ikiisha, ingawa kwa kweli ni ya kisiwa cha Guernsey. Ila watazame bei ya kuhuisha, si ya mwaka wa kwanza. Ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo.

Jina tutalipata. Kinachonisumbua ni litakaa kwenye akaunti ya nani. Hujasahau yaliyotupata na tovuti ya kwanza. Yule bwana alisajili kwa barua pepe yake, akaacha gemu, akaacha na barua pepe. Msajili, yaani kampuni inayouza majina, hutuma ukumbusho kama mwezi mmoja kabla, tena wiki moja kabla, tena muda ukishapita; zote zikaenda kusikosomwa. Jina la .com likishafutwa kwa kuisha muda, huwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada ya ziada, kisha siku 5, kisha ni la yeyote. Siku hizo zote sisi tulikuwa tunatafutana namba ya simu. Leo ukibofya kiungo chetu cha zamani unaletewa kamari. Na hao hao Microsoft, mwishoni mwa 1999, walisahau kulipia passport.com, iliyotumika kuingilia barua pepe zao za Hotmail, watu wakashindwa kuingia Hotmail, mpaka mtu baki akawalipia dola 35. Wao wana ofisi nzima. Sisi tuna Juma.

Kwa hiyo naomba uwe wewe. Umehama, huchezi kila usiku, huna upande, na barua pepe yako ni ile ile tangu nikujue. Tufungue akaunti ya kundi, usajili uwe kwa jina lako, uthibitisho wa hatua mbili uwepo, na zile namba za dharura tuwe nazo wawili, wewe na Salma. Mimi hapana, unanijua. Seva ya kuwekea tovuti tukodi kwingine kabisa, ili tukigombana na wenye seva jina libaki mkononi. Ukipata ujumbe wa kuthibitisha barua pepe, ubofye upesi. Kwa .com, ukipita siku 15 wanalisimamisha jina. Anwani yako uombe ifichwe, wasajili wengi huificha wenyewe siku hizi.

Nilitaka nikueleze na habari ya Salma na ile timu nyingine, lakini hiyo ni barua yake.

Sasa niambie: utakubali? Utatumia barua pepe ile ile, au unayo nyingine ambayo hutaiacha? Tulipie miaka mitano kwa mpigo, au kumi, ambayo ndiyo ukomo kwa .com? .com au .gg? Na yule bwana, una namba yake? Picha zetu za mashindano bado anazo yeye.

Jibu kabla Juma hajanunua popo2.

Wako,
Idrisa