Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu mtoto anayepimwa uzito tu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kwa miaka 27 nilihudumu kliniki ya mama na mtoto katika zahanati moja ya mkoa wa Morogoro, na kwa sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa wahudumu wawili tu. Naandika kuhusu afya ya akili na makuzi ya watoto wadogo, kwa sababu ya mtoto mmoja ambaye nimeshindwa kumsahau.

Alikuja siku ya chanjo ya surua ya pili, ana miezi 18. Bibi yake ndiye aliyemleta. Nilimvisha suruali ya kupimia, nikamtundika kwenye mizani, nikaandika kilo zake. Alikuwa kwenye rangi ya kijani ya kadi, yaani uzito mzuri, safi kabisa. Bibi akaniambia, "Mwanangu, huyu nikimwita hageuki. Kutwa anazungusha kifuniko cha sufuria." Nyuma yake walikuwapo akina mama zaidi ya 40, wengine kwenye benchi, wengine chini ya mwembe. Nikampa jibu nililolisikia tangu nikiwa mdogo, kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema. Nikamchoma sindano mtoto, nikamrudishia bibi kadi yake.

Nilimwona tena akiwa na miaka sita, tulipopita nyumba kwa nyumba wakati wa kampeni ya chanjo. Alikuwa amefungwa kamba kwenye kifundo cha mguu, na ncha ya pili imefungwa kwenye mfenesi. Bibi hakuwa mkatili. Alikuwa akipalilia mahindi hatua chache kutoka pale, na mjukuu alikwishapotea mara mbili, mara moja akaokotwa kando ya reli. Ngozi ya kile kifundo ilikuwa imekomaa na kuwa nyeusi kama kisigino. Walikwishazunguka kwa waganga watatu, na mbuzi wote walikuwa wameuzwa. Niliandika rufaa siku ileile. Neno usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia ya mtoto, bibi alilisikia kwa mara ya kwanza hospitali ya mkoa, miaka minne na nusu baada ya kunieleza mimi dalili zake kwa kinywa chake mwenyewe.

Mheshimiwa, mtoto wa Tanzania huletwa kliniki akiwa na wiki sita, wiki 10, wiki 14, miezi tisa na miezi 18, na katikati hapo huja kupimwa uzito. Hakuna ofisi nyingine ya serikali inayomwona mara nyingi hivyo. Tunajua kilo zake hadi gramu. Lakini kama anashtuka usiku, kama aliacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena, kama anajing'ata, kama mama yake hajalala vizuri tangu ajifungue na anamtazama mwanawe kama mtoto wa jirani, hayo hayana anayeyauliza. Hata pale kadi inapotaka tuandike kama mtoto anakaa au anatamka, nilikuwa nikiiacha nafasi hiyo wazi, na sikuwa peke yangu. Kisichojazwa kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za huduma za afya, hakuna anayekuja kukuuliza habari zake.

Nasema kliniki kwa sababu moja kubwa. Kwetu huku, mama akiambiwa ampeleke mtoto kwa wataalamu wa akili, anachosikia ni Mirembe. Hospitali ile ya afya ya akili ya Dodoma imetibu watu wengi, lakini jina lake limegeuzwa tusi la mtaani, na mama hataki mwanawe aitwe hivyo. Kwenye benchi la kliniki kila mtu ameshika kadi ileile. Jirani hajui kama umekuja kwa chanjo au kwa sababu mtoto haongei. Usiri huo umekwishajengwa, na haudai jengo jipya.

Wala wazo hili si geni. Miaka ya 1980 serikali, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani, ilijaribu kushusha huduma ya afya ya akili hadi zahanati katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Shirika hilohilo lina mwongozo wa wahudumu wasio mabingwa, na sura nzima humo inahusu watoto na vijana. Mwaka 2021 serikali yetu ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Makaratasi tunayo. Jijini Harare, tangu 2006, bibi wa mtaani waliofundishwa na daktari Dixon Chibanda hukaa na wagonjwa wa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwenye mabenchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa walipata nafuu. Wale ni watu wazima, nakubali. Lakini kama bibi anaweza kufundishwa kazi hiyo, muuguzi hawezi kushindwa.

Najua zahanati ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Lakini miongozo, kadi na vitabu vya MTUHA hutoka wizarani kwako, kwa hiyo maombi yangu nayaleta kwako. Weka maswali machache ya tabia na makuzi yaulizwe siku ya surua ya kwanza na ya pili, na moja kuhusu hali ya mama mwenyewe. Majibu yawe na safu yake kitabuni.

Lakini maswali hayo yasitangulie peke yake, nakuomba sana. Kumuuliza mama, akafungua moyo, halafu ukakosa pa kumpeleka, ni kumwongezea mzigo. Kila kituo cha afya kiwe na angalau tabibu au muuguzi mmoja aliyefundishwa kusikiliza, kumwelekeza mzazi namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wa aina hii, kumwanzishia dawa mwenye kifafa, na kujua ni yupi wa kupelekwa mkoani. Awe na siku yake ya wiki, na nauli ya kushuka zahanati. Na kwenye zahanati yenye wahudumu wawili, ongeza wa tatu, maana foleni ya watu 40 ndiyo iliyonifunga mdomo siku ile.

Yule mtoto sasa ana miaka 11. Yuko shule yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, na akiitwa jina lake siku nyingine hugeuka. Bibi yake alinisamehe kabla sijamwomba. Mimi bado nahesabu ile miaka minne na nusu, na Jumanne ijayo, siku ya kliniki, atakuwapo bibi mwingine kwenye benchi lile.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu, Morogoro