Kangomba inaanzia wodini: risala yetu kwa Mgeni Rasmi, Newala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Diwani wetu, Mtendaji wa Kata, viongozi wa chama cha msingi cha ushirika, masheikh, mapadri, wazee wetu na wageni wote kwa vyeo vyenu, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, siku ya kuvunja kisanduku. Karibu sana Newala. Tunajua mgeni huzoea kusomewa historia ya kikundi tangu mwanzo hadi mwisho. Yetu ni fupi: tulianza wanawake 17, leo tuko 30, hisa moja ni shilingi 2,000, na kila Jumamosi kila mmoja hutoa 500 ya jamii, yaani mfuko wetu wa kusaidiana. Mengine Katibu atakukabidhi kwenye karatasi. Muda uliobaki tunaomba tuzungumzie matibabu, na jinsi yanavyotusukuma kwenye kangomba, yaani kuuza korosho nje ya mnada kwa bei ya chini, hata kabla hazijaiva.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ile 500 ya jamii tuliiweka kwa ajili ya misiba. Sanda, jeneza, unga wa matanga. Lakini daftari la mwaka huu linasema mengine: sehemu kubwa imekwenda kwa wagonjwa. Bodaboda ya usiku, vipimo, dripu, dawa za kununua nje, chakula cha anayeuguza. Mwezi wa tatu jamii ilikauka kabisa, na mwezi wa tatu huku kwetu hakuna mwenye kitu. Hela ya korosho huanza kuonekana mwezi wa kumi minada ikifunguliwa. Mtoto hapandi homa kwa kufuata kalenda ya mnada.

Tukueleze habari ya mwenzetu mmoja, kwa ruhusa yake, na jina lake tunalihifadhi. Mwezi wa saba mume wake alishikwa na ngiri usiku, ikajisokota. Kutoka zahanati wakapewa rufaa, kutoka rufaa akapelekwa chumba cha upasuaji. Madaktari walimwokoa na tunawashukuru. Ila kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini kulikuwa na bili, na kisanduku chetu kiliweza kutoa 50,000 tu. Akaja jirani mwenye fedha, mtu mpole kabisa, akampa 350,000 papo hapo. Masharti yake yalikuwa mikorosho arobaini, mavuno ya msimu mmoja. Wakati huo mikorosho ilikuwa inatoa maua. Miti hiyo kwa kawaida humpa kilo 300 na zaidi. Hesabu ya bei ya mnada tunawaachia viongozi wa chama cha msingi waliokaa hapo mbele, wao wanaijua kwa kichwa.

Leo hii korosho zimeanza kudondoka, na mwenzetu anaokota katika shamba lake mwenyewe kwa ujira wa kibarua.

Mheshimiwa, kila msimu gari la matangazo hupita vijijini likituambia kangomba ni marufuku, mnunuzi na muuzaji wote watachukuliwa hatua. Tunakubali kwamba kangomba inatuibia. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, palikuwa na uhakiki wa kumtafuta mwenye korosho asiye na shamba, yaani mnunuzi wa kangomba. Asiye na shamba alitafutwa sana. Hakuna aliyekuja kumuuliza mwenye shamba kwa nini korosho zake ziliondoka kabla hazijaiva. Sisi tulijiuliza wenyewe kwenye kikao, mmoja baada ya mwingine. Wawili walisema ada ya shule. Mmoja alisema ngoma ya unyago, na tukamcheka. Waliobaki wote waliowahi kuuza kwa kangomba walisema ugonjwa.

Baada ya hapo ukazuka ubishi ambao haujaisha mpaka leo: je, matibabu ni haki au ni bidhaa? Bibi yetu mmoja, mkubwa kuliko sote, anasema yeye amezaa watoto sita bila kuulizwa hela, na kwamba dirisha la kulipia amelikuta uzeeni. Hakosei. Uchangiaji katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993. Tukamwomba mwalimu mmoja atusomee Katiba. Ibara ya 11 inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Tulipiga vigelegele. Mwalimu akatutuliza, akarudi nyuma hadi Ibara ya 7, akasoma kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo haki imeandikwa, ila huwezi kuidai kwa hakimu. Bibi akauliza: "Hiyo jamii inayotajwa humo ndiyo hii 500 yetu?" Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Hatuji kwako kuomba bure. Tunajua glavu zinanunuliwa na nesi anakula. Tunajua pia kwamba kazi imefanyika: zamani mgonjwa mzito wa Mtwara alisafirishwa hadi Muhimbili, siku hizi kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Tena Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tumeisubiri kwa hamu. Ila kadi za bima si ngeni kwetu. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, wengi wetu tuliikata. Wapo walioiacha mwaka wa pili, kwa sababu walifika kwenye kituo kimoja, jina tuliache, wakaandikiwa dawa wakaambiwa wakanunue duka la nje. Mwenzetu mwingine anasema alilipa, hakuumwa, hela yake imeliwa. Huyo tumembishia sisi wenyewe: mbona 500 ya jamii unatoa kila Jumamosi na hujafiwa, na hujawahi kutaka urudishiwe? Ameanza kuelewa. Anayeandikiwa dawa na kuikosa yeye hatuna la kumjibu.

Ombi letu kubwa ni hili. Mchango wa bima wa mkulima ukusanywe wakati wa malipo ya korosho, kupitia chama cha msingi, kwa ridhaa ya mkulima mwenyewe, akipata kadi mkononi siku hiyo hiyo. Makato tumeyazoea, Mheshimiwa, mengine hatujui hata yanakwenda wapi. Hili litakuwa la kwanza ambalo mtu ataliona likimrudia. Kumwambia mkulima wa Newala alipe bima mwezi wa nne ni kumwambia akakope, na tumekwisha kukueleza anakokopa.

La pili, misamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza wasitozwe. Kwenye sera iko wazi, kwenye dirisha inakuwa maombi. Mzee anasimama mbele ya watu akieleza umaskini wake kwa kijana anayelingana na mjukuu wake. Majina ya wasiojiweza yasomwe na kuthibitishwa kwenye mkutano wa kijiji, ambako tunajuana, ili mzee akifika dirishani aonyeshe kitambulisho na apite.

Na dawa ziwepo. Hilo halina maelezo marefu.

Sisi kwa upande wetu tumeshapitisha kwamba kuanzia mzunguko ujao hakuna mwanachama atakayechukua gawio lote kabla hajaonyesha kadi ya bima ya kaya yake, na kisanduku kitamkopesha bila riba asiyefikisha. Wanachama wanne walipinga, na majina yao hatutayataja kwa kuwa wamekaa hapa na wamepika chakula utakachokula.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.