Daftari la mwanangu

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Usishangae kuandikiwa barua na mtu unayelala naye nyumba moja. Jana umeniuliza mara nne ilikuwaje ukafika hospitali. Mara nne nimekusimulia, na ile ya nne nilikujibu kwa sauti ambayo mwenyewe sikuipenda. Yule binti anayekufanyisha mazoezi pale hospitali ya Bombo ndiye aliyesema, "Mzee, yaandike. Akisahau, atasoma." Basi nimenunua daftari, naandika kwa herufi kubwa kwa sababu najua mistari hukuchezea. Soma kidogo kidogo. Ukichoka funga, halikimbii.

Ilikuwa hivi. Usiku wa kuamkia Ijumaa ulikuwa unarudi kutoka Pongwe na pikipiki, umeshashusha abiria. Mbuzi au shimo, hakuna aliyeona. Helmeti ilikutwa imening'inia kwenye usukani, haina hata mkwaruzo. Hilo nimeliandika mara moja na sitalirudia.

Kule ulikopelekwa kwanza walikusafisha goti, wakasema huyu kalewa, mwacheni alale. Wewe, ambaye hata togwa ikichacha huigusi! Saa tatu nzima zikapita. Jina la mahali hapo silitaji, hasira yangu haina faida kwako. Muda wote huo damu ilikuwa inavilia ndani ya fuvu. Daktari mmoja alikuja kunieleza baadaye, nami nikamwelewa kwa kazi yangu ya kuziba tyubu za baiskeli: fuvu ni gumu, halitanuki kama tyubu. Damu ikijaa ndani na ikakosa pa kutokea, inaukandamiza ubongo. Kutoka Bombo ukapakiwa kwenye gari la wagonjwa hadi Muhimbili, kwenye taasisi ya mifupa, ambako ndiko wanakopasua na vichwa. Naikumbuka Segera, naikumbuka Chalinze. Kati ya hapo sikumbuki kitu, kwa hiyo usidhani wewe peke yako ndiye uliyepotewa na safari ile.

Madaktari wana hesabu yao ya kupima fahamu, inaanzia 3 inaishia 15. Wanaangalia macho, maneno, na jinsi viungo vinavyojibu. Mtu mwenye fahamu zake ana 15, na kuanzia 8 kushuka chini huyo kazimia kabisa. Wewe ulifika na 6. Nikamuuliza nesi, mbona haianzii sifuri? Akasema hata maiti ana 3. Usiku kucha nikawa nahesabu kwenye benchi: mwanangu kamzidi maiti kwa tatu. Ndiyo iliyokuwa tasbihi yangu.

Walitoboa fuvu, wakaitoa ile damu. Siku ya 12 ukafumbua macho, mama yako akapiga kigelegele wodini mpaka akatolewa nje. Tulidhani tumefika. Ulikuwa unatutazama kama abiria anavyotazama watu wa stendi asiyoshukia.

Maneno yalipokuja, lilikuja moja tu: "Bado." Umekula? Bado. Unaumwa? Bado. Huyu nani? Ukamtazama mama yako vizuri, ukasema, "Bado." Tulicheka, halafu mama yako akatoka nje na leso mdomoni. Hukuwa unafanya mzaha, na wala hukuwa umepungukiwa akili. Ubongo wa kushoto ndio unaouendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye kutoa maneno. Wewe uliumia kushoto. Ndiyo maana mkono wa kulia ukalala na ulimi nao ukafungika siku moja.

Binti wa mazoezi alinisimulia kwamba mwaka 1861, huko Paris, daktari anayeitwa Broca alimpokea mgonjwa ambaye watu walimwita Tan, kwa kuwa kila alichoulizwa alijibu "tan". Kumbe alikuwa anaelewa mengi anayoambiwa, ila neno lilikuwa halitoki. Alipofariki, daktari akaukuta ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, mbele. Mimi nikamwambia binti, huyo alikuwa anataka kusema Tanga, hakumalizia tu. Akacheka sana. Wewe ulikuwa umekaa pembeni, ukacheka pia, na hapo nikajua kuwa umo humo ndani na unatusikia.

Kisha alikuja mwalimu wako wa chuoni kukutazama. Akaanza Alhamdu, na wewe ukamfuata. Aya zote saba, bila kukwama, mtu asiyeweza kuomba maji! Nyumba nzima ilisimama. Shangazi yako akasema ni muujiza, na mimi sibishani naye. Lakini binti wa mazoezi alisema kilichosomwa kwa mahadhi tangu utotoni mara nyingi hubaki hata maneno ya kawaida yakipotea, ndiyo maana na kuhesabu moja hadi kumi uliweza. Akatufundisha tuyaingize maneno kwa mlango huo. "Naomba maji" tulikufundisha kwa sauti ya kuimba, tunapiga mapaja kama watoto wa chekechea. Majirani walituona vichaa.

Kuhusu vidonge vya asubuhi na jioni: ile siku ulianguka barazani ukatetemeka, yalikuwa ni degedege la kidonda cha ubongo. Watu walisema mashetani. Shangazi yako alileta kombe, ukanywa, sikuzuia, ni maneno ya Mungu. Aliposema tuache vidonge nikakataa, na mpaka leo ananinunia. Usiviache bila daktari kukwambia, hata ukijiona mzima. Na ndiyo sababu pikipiki hairudi kwa sasa. Nilidanganya niliposema ni mbovu.

Hasira pia si tabia yako mpya. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki, na yako imelegea. Ile sahani uliyoirusha nimeshaisahau, nawe huikumbuki, kwa hiyo tumelingana. Usingizi wa mchana si uvivu, ubongo unaojifunza upya unachoka kuliko mguu. Kuhusu yule msichana, muulize mama yako, mimi sina la kuandika.

Sasa jambo lililonifanya ninunue daftari.

Miezi ile ya mwanzo nilikuwa nakuvalisha shati, nakulisha, nakufunga vifungo. Ulikuwa unamwaga chai mbele ya wageni, nami ndiye niliyekuwa naona aibu. Nilikuwa hata nakunyanyua kwa kuuvuta ule mkono uliolala, mpaka nikaambiwa bega litachomoka. Siku moja binti wa mazoezi alituangalia ninavyokuvua viatu, akasema, "Mzee, anayefanya mazoezi hapa ni wewe." Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani. Alinieleza kwamba kilichokufa kwenye ubongo hakioti tena kama kucha, lakini kilichobaki kinaweza kuchukua kazi, mradi ifanywe mara mia, mara elfu. Mkono usipotumika, ubongo nao unauacha. Ndipo alipoagiza ule mkono mzima wa kushoto ufungwe kwa leso saa kadhaa kila siku, ili wa kulia ukose kisingizio.

Nikakuleta kibandani. Tyubu ya kwanza ulianza saa mbili asubuhi. Ulijua kuitia kwenye karai na kuutafuta mpovu, hilo halikukutoka. Lakini ulipaka solusheni kabla ya msasa, ukafuta, ukapaka tena, kisha ukabandika kiraka kabla haijakauka. Kidole gumba kilikuwa kinatetemeka, jasho linadondoka kwenye mpira. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu. Kweli, nimeikalia. Adhana ya adhuhuri ikakukuta umebonyeza kiraka, hutaki kuachia. Ulisema, "Baba. Tayari." Si bado. Tayari.

Usiku, ulipolala, niliitia tyubu ile kwenye karai. Ilikuwa inavuja. Nikakibandua kiraka chako nikabandika changu, nikakipaka vumbi kifanane. Na ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Tyubu tisa nimezirudia kwa siri, nawe ukawa unawasimulia watu kwamba kazi zako hazirudi. Hazirudi kwa sababu yangu. Nilidhani nakulindia moyo wako, kumbe nilikuwa nalinda jina la kibanda, na pia nilikuwa naogopa kukuona umeshindwa. Ile ya kumi, Alhamisi iliyopita, niliitia kwenye karai kama kawaida. Nikangoja. Hakuna mpovu hata mmoja. Nilikaa pale gizani nikiitazama mpaka mama yako akaja na taa kuuliza kama nimeumwa na kitu.

Nisamehe. Utasahau kwamba umenisamehe, basi andika hapa chini kwa mkono wa kulia, nami nitakuwa nakuonyesha.

Kesho asubuhi yule mzee wa Makorora analeta baiskeli yake ya Phoenix, gurudumu la nyuma. Nimemwambia fundi ni wewe na benchi lipo, asubiri. Mimi nitakuwa Deep Sea natafuta samaki, na sitarudi mapema.

Baba yako