Alama za Utoro

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, na tunamshukuru Mungu. Katika barua yako ulinieleza kwamba sasa umekabidhiwa idara uisimamie, na kwamba yumo mfanyakazi mwenye kisukari anayetokatoka kazini, ukaniuliza Waingereza wanawatendeaje wafanyakazi wenye maradhi ya kudumu. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona ghalani kwetu, maana sheria ya hapa ukiisoma kwenye karatasi utadhani kila mgonjwa anabebwa kwa mbeleko.

Siku 7 za mwanzo mfanyakazi hujaza fomu mwenyewe kueleza kwamba anaumwa. Zikizidi hapo, hutakiwa kuleta cheti cha daktari au cha mhudumu mwingine wa afya anayetambuliwa. Hilo halina shida. Shida huanza anaporudi, kwa kuwa baadhi ya kampuni hupima utoro kwa hesabu iitwayo kipimo cha Bradford: idadi ya mara ulizokosekana huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa jumla ya siku ulizokosa, kwa kawaida ndani ya wiki 52. Aliyevunjika mguu akakosa kazi siku 10 mfululizo hupata alama 10. Aliyekosa siku 10 vilevile, lakini mojamoja kwa nyakati mbalimbali, hupata alama 1,000, na huyo ndiye anayeitwa ofisini.

Sasa mfikirie mwenye selimundu, ambaye maumivu humjia kwa vipindi. Mwenzetu mmoja mwenye ugonjwa huo alikuwa akipangwa karibu na mlango wa kupakilia mizigo, ambao hubaki wazi hata kwenye baridi kali, na chupa ya maji hairuhusiwi tunapofanyia kazi. Baridi na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu hayo. Uongozi ulimweka pale, kisha ukamwita na karatasi ya alama mkononi, ukamwuliza kama kweli anaitaka kazi. Meneja aliyemwita si katili. Ndiye aliyetuchangisha mwenzetu mwingine alipofiwa. Ila ameizoea karatasi imsemee, na kwangu hilo ni baya kuliko ukali, kwa sababu mtu mkali angalau unaweza kumjibu.

Kilichomwokoa yule mwenye selimundu ni maandishi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 humtaka mwajiri amfanyie marekebisho yanayofaa mfanyakazi mwenye ulemavu, na ulemavu huo ni pamoja na maradhi ya muda mrefu yanayomtatiza kwa kiasi kikubwa katika shughuli za kila siku. Chama cha wafanyakazi kilimsaidia kuandika anachohitaji: ahamishwe kutoka mlangoni, aruhusiwe maji, na siku za ugonjwa huo zihesabiwe kando. Alikubaliwa yote, na kwa nionavyo mimi, kampuni haikugharimika zaidi ya kubadili ratiba ya zamu.

Wengi hapa huficha maradhi yao kwa kuogopa kuitwa wavivu, na mwajiri ambaye hajui, wala hakuwa na namna ya kujua, ni vigumu kumdai marekebisho. Kwa hiyo huyo mfanyakazi wako mwenye kisukari, anayetokatoka kazini, mwulize faraghani anahitaji nini na saa ngapi kabla hujamwandikia onyo, na mtakalokubaliana liwekeni kwenye faili lake, ili msimamizi atakayekuja baada yako asimwanzishe upya. Niandikie amekujibu nini.

Msalimie sana Mama na watoto.

Ni mimi mdogo wako.