Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kata za Watoto Wetu Wadogo

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, pamoja na walimu wetu,

Idadi ya wanachama itaelezwa na katibu, na mapato na matumizi yatasomwa na mhazini, kwa hiyo sitawachosha kwa kuyarudia. Kamati imenituma nizungumzie jambo lililotushughulisha karibu mwaka mzima, nalo ni namna watoto wetu wa chini ya miaka minane wanavyofundishwa kata za karate na namna tunavyowatoa mbele ya watu.

Kwa faida ya wanachama wapya, kata (si ile ya diwani, kama mgeni wetu mmoja alivyodhani alipopokea barua ya mwaliko) ni mfululizo wa kinga na mapigo unaofuata njia maalumu, mchezaji akipambana na adui asiyeonekana. Wadogo kabisa huanza na Taikyoku Shodan, yenye hatua 20 zilizojengwa kwa vitu viwili tu, yaani kinga ya chini na ngumi ya kusonga mbele, kisha huingia Heian Shodan yenye hatua 21. Kata za Heian chimbuko lake ni Okinawa, kwa Anko Itosu, aliyeingiza karate katika shule za kisiwa kile mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la Heian zilipewa baadaye na mwanafunzi wake Gichin Funakoshi, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule. Nalitaja hili kwa sababu mzazi mmoja alituuliza kama hatuwabebeshi watoto mchezo wa watu wazima. Kata hizi tangu mwanzo zililenga wanafunzi. Swali jingine, la kuinamisha kichwa mbele ya mwalimu, tulilijibu kwa maneno machache: ni maamkizi, kama mtoto anavyompa mkubwa shikamoo, wala hakuna ibada ndani yake.

Sasa nirudi kwenye maonyesho yetu ya katikati ya mwaka, ambayo wengi wenu mliyashuhudia. Watoto walikuwa wamefanya mazoezi ukumbini kwa miezi mitatu, na ukumbini walikuwa hawakosei. Siku yenyewe tuliwapanga kwenye uwanja wa nyasi, wakiwakabili wageni. Mwalimu alipotoa amri, binti wa mstari wa mbele aligeukia kulia badala ya kushoto. Nusu ya waliokuwa nyuma wakamfuata yeye, nusu wakafuata walichokumbuka, na wawili wakagongana mabega katikati ya uwanja. Wageni walicheka bila ubaya wowote, lakini mtoto hajui tofauti ya kicheko na kicheko. Nilimfuata yule binti nyuma ya turubai, nikamkuta akifuta machozi kwa ukosi wa gi yake, yaani vazi lake la karate, nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, "Babu, huku hakuna mlango."

Jibu hilo lilitufundisha zaidi ya vikao vyetu vyote vya kamati. Ukumbini kinga ya kwanza huelekea mlangoni, na ya pili huelekea kwenye dirisha lililovunjika kioo, kwa hiyo watoto walikuwa wamekariri ukumbi, nasi tukadhani wamekariri kata. Tulipochunguza zaidi tuligundua kwamba hata hao waliokariri ukumbi hawakuwa wengi. Waliobaki walikuwa wakimwangalia mwenzao wa mbele na kumfuata kwa kuchelewa kidogo, kiasi kwamba mzazi aliyekaa mbali asingeweza kutambua.

Walimu walianza kuwatoa nje mara moja kwa wiki. Mwanzoni tulifurahi kuona mambo yamenyooka, hadi asubuhi moja ya mawingu ambapo kundi zima lilisimama bila kujua pa kuanzia. Kumbe walikuwa wameuacha mlango na kuushika mlima, na siku hiyo mlima ulikuwa umejifunika. Wakazi wa Moshi tunajua kwamba mlima hauna miadi na mtu. Tangu hapo kila kata huchezwa mara nne, kila mara wakianza kwa kuelekea upande tofauti, na mstari wa mbele huwa wa nyuma kila wanapogeuka. Kwa wale wa miaka mitano na sita, ambao kushoto na kulia bado kunawachanganya, mwalimu huwafunga utepe mwekundu kwenye mkono wa kushoto na kuufungua baada ya majuma machache. Yeye mwenyewe huwapa mgongo anapoonyesha, maana akiwatazama uso kwa uso, kushoto kwake huwa kulia kwao.

Kipimo tulichokipenda kuliko vyote ni cha chaki. Heian Shodan ikichezwa sawasawa humrudisha mchezaji pale alipoanzia. Basi mwalimu huchora alama mbele ya vidole vya mtoto, na hatua ya 21 ikiisha, mtoto huangalia chini mwenyewe. Aliyefupisha hatua za kwenda au za kurudi hujiona, bila mtu kumkaripia. Pamebaki mahali pamoja tu pagumu: hatua ya 9 ina ukelele wa kwanza, na mara tu baada yake kuna mgeuko wa robo tatu ya mzunguko. Mtoto akipiga ukelele, furaha humjaa, miguu ikasahau. Hapa nawaomba akina mama kwa heshima kubwa waweke akiba vigelegele vyao hadi watoto watakapotoa salamu ya mwisho.

Utaratibu huu una gharama yake. Watoto kadhaa hawakufanya mtihani wa mkanda wa njano mwezi Novemba, na baadhi ya wazazi walilalamika kwamba wanalipa ada na mkanda hauonekani. Naelewa malalamiko hayo, lakini siungi mkono haraka. Sandra Sánchez wa Hispania alipotwaa dhahabu ya kata katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikuwa na umri wa miaka 39. Mtoto wa miaka saba anaweza kusubiri miezi mitatu.

Kuhusu siku za mazoezi, Jumamosi iligongana na sabato ya baadhi ya familia na madrasa ya nyingine, hivyo watoto wadogo wamehamishiwa Jumatano alasiri. Yule binti wa mlango alicheza peke yake kwenye maonyesho ya Desemba, akielekea kusini, mlima ukiwa nyuma yake. Alikosea hatua ya 10, akasimama, akajirekebisha bila kumtazama mtu, akamalizia akiwa futi moja hivi pembeni ya chaki.

Kwa niaba ya kamati, nauomba Mkutano Mkuu uridhie kwamba kuanzia mwaka ujao hakuna mtoto atakayepewa mkanda wa njano kabla ya kucheza kata yake peke yake katika pande zote nne, na kwamba watoto wa chini ya miaka minane wataendelea kucheza mbele ya wazazi bila kushindanishwa kwa vikombe.

Ndugu wanachama, naomba kutoa hoja.